Gurudumu katika Njia ya Unyanyembe

Kabla ya reli, mizigo ya Tabora, katika Unyanyembe, ilisafiri mabegani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo kwa miguu, kwani mbung'o waliwaua wanyama ambao wangekokota mikokoteni. Jasho la wapagazi hao ndilo lililojenga Tabora. Gurudumu la chuma lilifika mwaka 1912, Reli ya Kati ilipoingia Tabora. Barabarani, tairi ya upepo, ambayo mvumbuzi Dunlop aliibuni upya mwaka 1888, ilienea kwa baiskeli na malori.

Miaka ya 1970 kiwanda cha General Tyre, Arusha, kilitengeneza tairi nchini. Uzalishaji uliposimama, soko liliachiwa tairi za nje, mpya na za mtumba.

Kwa mwenye gari dogo wa Chemchem, Tabora, anayebana mafuta, tairi ya waya (radial), iliyoletwa sokoni na Michelin miaka ya 1940, inafaa kuliko ya nailoni: hubiringika kwa wepesi na haipati moto sana. Upepo ukipungua, faida hiyo hupotea. Ya mtumba isomwe ubavuni kwanza: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.