Mwenye Madoa ni Nani?

Sokoni Kashikishi, hapa Nchelenge, mkoa wa Luapula, Zambia, nilishika kitenge cha zambarau chenye mabaka makubwa, kila baka limezungushiwa ukingo mweusi. Muuzaji ana wateja wengi wanaovuka Ziwa Mweru kutoka Kongo, kwa hiyo Kiswahili chake hakikuwa na shida.

"Mama, pambo hili linaitwaje?"

"Ulusato, baba."

Yaani chatu. Nikamwambia chatu wa zambarau sijapata kumwona.

"Wa porini hana rangi hii," akacheka. "Huyu ni wa dukani."

Mzaha wake ulikuwa na ukweli ndani. Marekani na Ulaya nyoka wa dukani yupo, tena kwa rangi ambazo mchora vitenge angezionea wivu. Mmoja wa wanaofugwa sana ni boa wa bara la Amerika, ambaye hana undugu wa karibu na chatu wetu: chatu hutaga mayai, boa huzaa watoto walio hai. Porini boa ni wa hudhurungi, mgongoni ana mabaka meusi yaliyokaa kama matandiko ya punda, na mkia wake huelekea wekundu. Mikononi mwa wafugaji amegawanywa kama bidhaa. Aliyepunguziwa weusi huitwa samoni, kwa jina la samaki mwenye nyama ya waridi. Aliyenyimwa wekundu hubaki wa fedha na majivu. Asiye na weusi kabisa huwa na njano, chungwa na macho mekundu.

Hao wa mwisho wana kisa. Koo mbili za boa albino zinajulikana kwa majina ya wafugaji, Kahl na Sharp. Kwa macho hutofautiana kidogo tu. Lakini ukimpandisha albino wa Kahl na albino wa Sharp, watoto wote huzaliwa na rangi ya porini, kwa sababu kila ukoo umeharibikiwa na jeni yake, na kila mzazi anaziba pengo la mwenzake. Rangi iliyofukuzwa kwa vizazi inarudi nyumbani kwa uzao mmoja. Ningekuwa mfugaji, hilo peke yake lingenitosha. Sokoni, hata hivyo, watoto hao ndio wa bei ya chini, maana wanafanana na nyoka wa kawaida.

Sasa mchukue boa huyohuyo umrudishe kwao. Katika misitu ya Amazoni, mpakani mwa Brazili na Peru, wanaishi watu wa Huni Kuin. Katika masimulizi yao, Yube, boa mwenyewe, ndiye aliyefundisha wanawake kufuma, na mapambo yote ya nguo, vikapu na nyuso asili yake ni ngozi yake. Wanayaita kene. Hapo binadamu hamchori nyoka. Anayechora ni nyoka, na mfumaji ni mwanafunzi. Mfugaji akisema "boa wangu wa samoni", kwa watu wa Huni Kuin ameipindua sentensi: fundi ni yule aliye ndani ya kisanduku cha kioo.

Huku Luapula jambo ni tofauti tena. Katika chisungu, unyago wa wasichana wa watu wa Kibemba na jirani zao, makungwi, yaani banachimbusa, hufinyanga mbusa, vielelezo vya udongo vya kumfundishia mwari. Wamo wanyama na vyombo vya nyumbani, na nyoka yumo. Rangi ni tatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Audrey Richards, Mwingereza aliyeshuhudia chisungu mwaka 1931 na kukiandikia kitabu kilichotoka 1956, aliona wanawake wakitumia saa nyingi kufinyanga na kupamba vielelezo vikubwa, kisha wakivibomoa siku hiyohiyo.

Nimelifikiria sana hilo la kubomoa. Kwa mfugaji pambo lina mwenyewe, jina na bei. Kwa watu wa Huni Kuin mwenyewe ni Yube. Kwa nachimbusa, likishafundisha, halina tena haja ya kuwepo, na kulimiliki ni sawa na kumiliki jana. (Padre Jean-Jacques Corbeil hakukubali lipotee. Mbusa alizokusanya ziko katika Jumba la Makumbusho la Moto Moto, Mbala, na sisi wengine tunazitazama kwa shukrani na haya kidogo.)

Nisiwapambe watu wetu kupita kiasi. Nilikokulia, chatu akionekana ziliitwa panga kabla ya mtu kuhesabu baka hata moja. Mfugaji wa ng'ambo, pamoja na biashara yake, ameyatazama magamba kwa uvumilivu ambao sisi hatukuwa nao.

Na chatu mwenyewe ana lake la kusema. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia Afrika Kusini chatu wa aina hiihii ya Zambia, na matokeo yakatoka 2018. Jike anapokaribia kutaga huwa mweusi, madoa yakafifia, ili alinase jua vizuri zaidi. Hujianika mpaka mwili ukaribie nyuzi 40, kisha huingia katika shimo lililochimbwa na muhanga na kuyazungukia mayai kwa joto alilolibeba. Muda wote huo hali kitu. Watoto wakianguliwa hukaa nao yapata wiki mbili, mchana wanaota jua mdomoni mwa shimo, usiku wanarudi kulala katika mikunjo yake.

Kesho yake nilirudi Kashikishi nikamuuliza mama kama ana kitenge cheusi kitupu.

"Kuna msiba, baba?" akauliza, akiacha kukunja.