Kutoka lori la sinema hadi hema la Makambako



Wiki iliyopita nilikuwa Makambako kikazi. Nikiwa nasubiri gari la kwenda Njombe, nikaona kundi la vijana wa bodaboda wamezunguka hema jeupe. Nikadhani kuna ajali au mtu wa sarakasi. Nikasogea. Kumbe ni nesi, mbele yake meza ndogo, ameshika kijiti cha kujipima VVU.

"Sista, yaani mate tu?" akauliza mmoja.

"Siyo mate mdogo wangu. Unafuta fizi, juu mara moja, chini mara moja. Halafu unasubiri dakika 20. Shika mwenyewe uone."

Kijana akakishika, akakigeuza, akakinusa! Wenzake wakacheka. Lakini baada ya kicheko maswali yakaanza: Mstari mmoja maana yake nini? Na mistari miwili? (Miwili siyo hukumu, akasema nesi, ni sababu ya kwenda kituo cha afya kuhakikishwa.) Gari langu likaondoka bila mimi, na wala sikujuta. Nilichokuwa nakiona pale ni historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa sinema za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, kule Usambara. Uliendelea hadi 1937. Walipiga picha za kilimo, za posta, na za afya pia, mojawapo ikihusu minyoo ya safura. Lori lilizunguka na mashine ya kuonyeshea, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona ugonjwa "ukitembea" ukutani.

Tatizo la lori lile ni kwamba lilizungumza lenyewe tu. Liliwasha taa, likasema, likazima, likaondoka. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu sinema za aina hiyo makoloni: watu walionyeshwa mbu mkubwa kama ng'ombe, wakashusha pumzi wakasema, afadhali, sisi mbu wetu ni wadogo. Kisa kiwe cha kweli au cha kutungwa, fundisho lake ni zito. Anayeonyeshwa bila kupewa nafasi ya kuuliza hujijibu mwenyewe.

Baada ya Uhuru tukajaribu njia nyingine. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa wiki 12. Redio ilisema, lakini safari hii watu walikaa vikundi, wakiwa na kitabu na kiongozi wa kikundi, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kufanya: kufyeka majani, kuchimba vyoo. Takribani watu milioni 2 walishiriki. Bibi yangu hadi leo anakumbuka. Ukimuuliza walifundishwa nini hasemi "tulisikia", anasema "tulichimba".

Halafu likaja gonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi maonyesho yetu makubwa yalikuwa mabango ya mafuvu na mifupa. Watu wakaogopa, kweli. Lakini walichoogopa zaidi ni kipimo! Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa akishusha mizigo Makambako. Alifariki 2006, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini tangu 2004. Hakuwahi kupima. Nilikuwa na miaka sita, ninachokumbuka ni watu wazima wakinyamaza kila nilipouliza. Dawa ilikuwepo. Kipimo kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, shika mwenyewe uone.

Tarehe 14 Julai 2007, viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa. Lengo lilikuwa kupima watu zaidi ya milioni 4. Mahema ya kupimia yakawa kitu cha kawaida, minadani, viwanjani, hata kwenye mkesha wa Mwenge (ambao wengine wanautania kwamba unapima na kuambukiza usiku huohuo!). Kipimo kikatoka maabara kikaja mezani, tone la damu likionekana, majibu yakisubiriwa kwenye benchi.

Kwa nini nasisitiza kwetu? Utafiti wa 2011-12 ulikuta Njombe ina maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote, wakati taifa lilikuwa 5.1. Sababu zinazotajwa ni nyingi. Makambako ni njia panda: barabara ya Mbeya, ya Iringa na ya Songea zinakutana hapo, na reli ya TAZARA inapita. Madereva, wafanyabiashara wa mbao, vibarua wa chai, nyumba za wageni. Sababu nyingine ni tohara. Sisi Wabena jando halikuwa desturi yetu, na majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalikwishaonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa kwa takribani asilimia 60.

Basi Juni na Julai 2010, katika mkoa wa Iringa (Njombe ikiwa bado ndani yake), wanaume 10,352 walitahiriwa kwa wiki sita tu. Kwa nini miezi hiyo? Baridi bwana! Watu huku wanaamini kidonda hupona haraka kipupwe, na shule zinafungwa. Wataalamu hawakubishana na imani hiyo, wakaifuata. Huduma ikaendelea miaka iliyofuata hadi zahanati za vijijini. Kipupwe cha 2012 nami nilikuwa kwenye foleni, miaka 12, natetemeka, sijui kwa baridi au kwa woga. Kabla ya yote muuguzi alitukalisha na picha kubwa, akaeleza kila hatua, akaruhusu maswali, hata ya kijinga. Langu lilikuwa la kijinga kuliko yote, na alilijibu bila kucheka.

Baba hakuja. Alisema hawezi kupanga foleni na watoto. Hakuwa peke yake, wanaume wengi wa rika lake waliona haya vilevile, na mradi ulipolijua hilo ukaanza kuwatengea watu wazima nafasi yao. Maonyesho mazuri hujifunza pia kutoka kwa watazamaji.

Sheria ilibadilishwa Novemba 2019 ikaruhusu kujipima na kushusha umri wa kupima kwa hiari kuwa miaka 15. Ndiyo maana kile kijiti kiko stendi. Lakini utafiti wa 2022-23 umekuta Njombe bado inaongoza, asilimia 12.7. Sehemu ya idadi hiyo ni habari njema, maana wanaotumia dawa wanaishi. Sehemu nyingine siyo. Na Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ndiyo ilikuwa ikilipia sehemu kubwa ya kazi za mahema kama lile.

Sasa kuna sindano mpya ya kinga, lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Swali langu si kama itafika Njombe. Itafika siku moja. Swali ni itafikaje: kama lori la 1935, au kama yule nesi wa Makambako?

Baba mdogo alihitaji meza, kijiti na dakika 20 tu.

Tafakari.