Picha Zitokazo Kagunga: Habari za Haki ya Mtunzi Katika Pwani ya Ziwa Tanganyika

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini kabisa mwa pwani ya Tanzania katika Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Mbele yake ni maji, nyuma yake ni milima mikali, na katikati pana ufuko mwembamba ambapo nyumba, mitumbwi na dagaa walioanikwa hugombea nafasi. Mwezi wa Mei 2015, baada ya machafuko yaliyozuka Burundi kwa sababu ya Rais Pierre Nkurunziza kutaka kugombea urais mara ya tatu, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikusanyika katika ufuko huo. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya vita vya 1914, haikuweza kufika nchi kavu. Ikasimama majini, na watu wakapelekwa kwayo kwa mashua, mamia kwa kila safari, ili wafikishwe Kigoma.

Ulimwengu uliyajua mambo hayo kwa njia ya picha. Picha ya mpiga picha wa shirika kubwa la habari husafiri pamoja na jina lake, na atakaye kuitumia hulipa. Lakini video ipigwayo kwa simu na kijana wa ufukoni, kisha akaipeleka kwa rafiki zake, haina wa kuisindikiza. Kesho yake huonekana katika ukurasa wa mtu asiyepata kuliona ziwa hilo, imekatwa pembeni palipokuwa na jina, imetiwa muziki, imegeuzwa mkono wa kulia ukawa wa kushoto, na mapato ya matangazo yaingia mfuko wa mwingine. Watu wengi hulidhani jambo hili kuwa jipya, lililoletwa na intaneti. Sivyo. Pwani hii imekuwa ikitoa habari kwa ulimwengu kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini, na tangu habari ya kwanza swali limekuwa lile lile: ni ya nani, ya aliyeiona na kuitengeneza, au ya aliyewahi kuitangaza?

Turudi mwaka 1858. Tarehe 13 Februari, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliliona ziwa hili, kisha wakaingia Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa hata hawezi kwenda kwa miguu, na Speke alikuwa karibu kipofu. Baadaye walipanda mitumbwi wakaelekea kaskazini hata Uvira, wakitafuta kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Hawakuufikia, waliambiwa na wenyeji kuwa waingia. Waama, karibu yote waliyoyajua ya upande ule waliambiwa na wenyeji na wafanya biashara Waarabu, na maneno yalipitia kinywa cha Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, Myao aliyeuzwa utumwani akapata kukaa India. Msomaji atazame jinsi habari ilivyopanda ngazi: mvuvi amwambia mfanya biashara, mfanya biashara amwambia Bombay, Bombay amwambia bwana, na bwana aandika kitabu.

Lakini hata mabwana wenyewe waliibiana, au angalau mmoja wao alidai hivyo. Speke aliwahi kufika London mwezi wa Mei 1859, siku kumi na kitu kabla ya mwenziwe, na mara akaenda kutoa habari mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia. Burton alishikilia mpaka kufa kwake kwamba waliagana wangojane. Alipowasili, safari ya pili ilikwisha kupewa Speke. Ugomvi wao ukaendelea hata Septemba 1864, Speke alipouawa na bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mjadala uliotangazwa kufanywa katika mji wa Bath. Sisemi kwamba Speke alikuwa mwizi. Ziwa lile jingine la kaskazini alilifikia peke yake. Nasema tu kwamba siku zile kumi na kitu zilikuwa na nguvu kuliko miezi mingi ya homa waliyougua pamoja.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Sheria ya haki ya mtunzi haimlindi mtu kwa kuwa amegundua jambo; hulinda umbo alilolitoa: maneno yake, mchoro wake, picha yake. Ziwa si mali ya aliyelitazama. Mtu wa pili akisimama Kagunga akapiga video yake mwenyewe ya machweo yale yale, hakumwibia yeyote. Amwibiaye mwenziwe ni yule aichukuaye video iliyokwisha kupigwa. Burton, kwa hiyo, alikuwa na kinyongo lakini hakuwa na kesi.

Henry Morton Stanley angeweza kuwa nayo. Alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871. Tarehe aliyoiandika yeye ni 10 Novemba. Habari zake zilipotoka katika gazeti la New York Herald mwaka 1872, magazeti ya nchi nyingine yalizinakili kama chakula cha hadhara. Mwaka huo huo John Camden Hotten, mchapishaji wa London aliyejulikana kwa kutoa vitabu vya Wamarekani pasipo idhini yao, alitoa kitabu cha maisha ya Stanley ambacho Stanley hakukitaka. Mark Twain naye alimlalamikia Hotten hadharani mwaka ule ule. Wachapishaji wa Marekani nao walifanya vivyo hivyo kwa vitabu vya Waingereza, kwa kuwa sheria ya Marekani haikumlinda mtunzi mgeni mpaka mwaka 1891. Mapatano ya Berne, yaliyofungwa mwaka 1886, yalizaliwa kwa sababu ya unyang'anyi wa namna hii uvukao mipaka. Na picha mashuhuri ya makutano ya Ujiji haikuwa picha iliyopigwa: ilichorwa Ulaya, na Stanley akaandika chini yake kwamba ni ya kweli kama ya kamera. Wachukuzi na watumishi, akina Susi na Chuma, waliingizwa katika michoro kama miti ya pembeni.

Walipokuwa Waswahili ndio watunzi wenyewe, mambo yalikwendaje? Mfano ulio wazi watoka Bagamoyo, ambako njia ya misafara ya Ujiji iliishia baharini. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa huko, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kwa kiasi kikubwa ni kalamu yake iliyoandika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903. Jina lililosimama mbele lilikuwa la Carl Velten, mkusanyaji. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927, na wanafunzi kwa muda mrefu walikitaja kitabu kwa jina la Velten tu. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro katika anwani. Hapakuvunjwa sheria yoyote. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko habari za Hotten, maana haramia alijulikana kuwa haramia.

Picha zendazo zilifika pwani hii baadaye. Gombe iko kusini mwa Kagunga, katika njia ya maji iendayo Kigoma. Jane Goodall alifika hapo mwezi wa Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1962 akaja Hugo van Lawick na kamera yake, kwa gharama ya shirika la National Geographic. Filamu iliyotokana na kazi yao ilionyeshwa Marekani mwaka 1965, na sauti iliyosimulia ilikuwa ya Orson Welles. Mabaki ya filamu, zaidi ya saa mia moja, yalidhaniwa yamepotea. Yakaonekana tena mwaka 2014, na kwayo ikatengenezwa filamu iitwayo Jane ya mwaka 2017. Zingatia tofauti. Picha hizo zililala nusu karne zisipotee wala zisiibiwe, kwa sababu zilikuwa ndani ya ghala yenye mlinzi, chini ya mkataba, na mlipaji alijulikana. Sokwe wa Gombe walikuwa na hifadhi ya picha zao kabla watoto wa kijiji cha jirani hawajapata hata ya kitambulisho.

Sheria yenyewe ilikuwako. Tanganyika ilipata sheria ya haki ya kunakili mwaka 1924, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1911. Baada ya uhuru ikatungwa nyingine mwaka 1966, na hiyo ikafutwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA, ambayo leo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Nchi ilikwisha kuingia katika Mapatano ya Berne mwaka 1994. Ndani ya sheria ya 1999 mna jambo kubwa ambalo wengi hawalijui: kazi hulindwa kwa sababu tu imetungwa. Haihitaji kuandikishwa, wala kuwa nzuri, wala kuwa ya mtu mashuhuri. Video ya simu iliyotikisika ya Kagunga inalindwa sawasawa na filamu ya Gombe. Mtunzi ana haki ya kutajwa jina, na ya kukataa kazi yake isikatwekatwe kwa kuivunjia heshima. Watoa habari wameruhusiwa kuitumia kazi ya mtu kwa ajili ya kueleza matukio, lakini chanzo kitajwe.

Baina ya sheria na soko, hata hivyo, palikuwa na bonde. Zama za kaseti na santuri za plastiki, kazi ya mwanamuziki ilinakiliwa usiku mmoja na kuuzwa mikononi mwa wachuuzi. Serikali ikaleta stika za kubandika mwaka 2006, ili nakala ya halali ijulikane kwa jicho. Katika vibanda umiza zikaonyeshwa filamu za ng'ambo pasipo ruhusa, msimulizi akizieleza kwa Kiswahili juu ya sauti za wachezaji. Lufufu wa Dar es Salaam alipata sifa kubwa kwa sanaa hiyo. Mimi siwezi kumweka msimulizi kama huyo katika chungu kimoja na mchuuzi wa nakala. Aliongeza kitu, na watazamaji walimfuata yeye kuliko filamu. Lakini mwenye filamu hakupata senti.

Stika hubandikwa juu ya kitu, na video ya leo si kitu cha kushikika. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Mwaka 2007, huku ikidaiwa mahakamani dola bilioni moja na kampuni ya Viacom, ilitoa mtambo uitwao Content ID. Mwenye kazi huuachia mtambo nakala ya asili. Mtambo huichukua alama zake kama polisi achukuavyo alama za vidole, kisha hulinganisha kila video ipakiwayo. Ukiona inafanana, huizuia, au mapato yake humpelekea mwenye kazi. Ni chombo cha ajabu kweli. Lakini hakikufunguliwa mlango kwa kila mtu: hupewa wenye kazi nyingi, yaani makampuni. Mtu mdogo huandika malalamiko, na video ikiondolewa, aliyeipakia aweza kupinga kwa maandishi. Afrika Mashariki iliona nguvu ya malalamiko hayo wakati video ya wimbo wa Harmonize uitwao Uno, wa mwaka 2019, ilipoondolewa kwa madai ya Magix Enga wa Kenya kwamba mdundo ulitoka katika kazi yake. Tanzania nayo, katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ilifanya kuvunja haki hizi kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai.

Kwa mtu wa Kagunga hatari kubwa yatoka upande mwingine, nao ndio ule wa Speke. Mtambo haujui nani alisimama ufukoni. Unajua nani aliyetangulia kuukabidhi nakala. Huko Marekani watu wawili walishtakiwa mwaka 2021 kwa kujidai kuwa wenye haki za nyimbo zaidi ya elfu hamsini za wanamuziki wa Kilatini, wakakusanya kupitia Content ID zaidi ya dola milioni ishirini katika muda wa miaka minne hivi. Watunzi wa kweli walikuwa hai, wakiimba, na fedha zao zikienda kwa wageni. Wale wawili walikiri, wakafungwa. Walioibiwa walisaidiwa na ukubwa wa wizi wenyewe. Wizi wa video moja ya dakika mbili hauwezi kumwamsha mwendesha mashtaka.

Ikitokea ubishi, kinachoamua ni nakala ya kwanza: ile ndefu isiyokatwa, yenye tarehe na saa zilizoandikwa na simu yenyewe, pamoja na sekunde za mwanzo na za mwisho ambazo mwizi hana kwa sababu alizipata zimekwisha kupunguzwa. Wapiga picha wa mashirika huzihifadhi kwa desturi ya kazi. Vijana wa pwani aghalabu huzifuta ili kupata nafasi ya picha nyingine, na simu huuzwa zikiwa na kadi zake. Aliyekwisha kuiuza ya kwake hana cha kumwonyesha hakimu wala mtambo, ila majirani waliomwona siku ile amesimama majini hata magotini, ameinua simu, akiielekeza Liemba.