Vasa: Manowari Iliyozama Kabla ya Kupigana

Neno manowari liliingia katika Kiswahili kutoka lugha ya Kiingereza, na maana yake ni chombo kilichoundwa kwa vita. Katika mji wa Stockholm, nchini Uswidi, imo nyumba ya makumbusho iliyojengwa kuhifadhi manowari moja isiyopata kupigana hata siku moja. Jina lake ni Vasa.

Mfalme Gustav II Adolf, aliyekuwa akipigana na Poland, ndiye aliyeamuru iundwe. Fundi wake mkuu, Henrik Hybertsson, Mholanzi, alifariki mwaka 1627 kabla kazi haijakwisha. Merikebu ilikuwa na urefu wa mita 69, na mizinga 64, mingi yao ikipangwa katika sitaha mbili, moja juu ya nyingine. Tarehe 10 Agosti 1628 ilitweka matanga. Ilikuwa imekwenda mita 1,300 hivi upepo ulipovuma, ikalala upande. Maji yakaingia katika madirisha ya mizinga ya chini, yaliyokuwa wazi, ikazama. Watu wapatao 30 walikufa.

Sababu ni kwamba sehemu ya juu ilikuwa nzito mno, hata farumi iliyotiwa ndani haikuweza kukiweka chombo sawa. Wala jambo hili halikuwa siri. Kabla ya safari, mabaharia 30 waliamriwa kukimbia sitahani toka ubavu huu hata ubavu huu. Walipokwisha kupita mara tatu, merikebu iliyumba vibaya, na Amiri Klas Fleming akaamuru waache. Mfalme, aliyekuwa ng'ambo vitani, alikuwa akihimiza chombo kitoke upesi.

Baraza la uchunguzi lilipokutana, kila aliyeulizwa alijitoa. Mafundi walijibu kwamba walifuata vipimo alivyovikubali mfalme mwenyewe. Na mfalme haulizwi. Hapana aliyeadhibiwa. Wahenga wamesema, mwenye nguvu mpishe. Lakini bahari haimpishi mtu.

Anders Franzén aliigundua merikebu mwaka 1956, nayo ikaopolewa tarehe 24 Aprili 1961, baada ya kukaa chini ya maji miaka 333. Maji ya bahari ya Baltiki yana chumvi kidogo, na yule mdudu atoboaye mbao, ambaye mafundi wa pwani yetu humzuia kwa deheni, haishi humo. Kwa miaka 17 mbao zilinyunyiziwa dawa mfano wa nta zisipasuke, na makumbusho ya sasa yalifunguliwa mwaka 1990.

Mgeni aingiapo huvutwa kwanza na simba na wafalme waliochongwa shetrini, maana ndivyo alivyotaka aliyeiagiza. Lakini yafaa asimame pia ubavuni, atazame safu ya chini ya madirisha ya mizinga, apime kwa macho jinsi yalivyokuwa karibu na maji. Mabaharia wale 30 walikwisha kuliona jambo hilo. Lililokosekana ni mtu wa kulisema mbele ya mfalme.