Kupanga Uzazi Bila Homoni: Historia ya Kitanzi, Shanga na Wajibu wa Mume

Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi nchini Tanzania wa mwaka 2015/16 yalionyesha kwamba mwanamke wa Mkoa wa Simiyu alikadiriwa kuzaa watoto 7.5 katika maisha yake, huku wastani wa taifa ukiwa 5.2. Kwa wanandoa wa Mkula, kata ya Wilaya ya Busega, na wa maeneo mengine ya mkoa huo wa wakulima wa pamba na wafugaji, swali la kupishanisha uzazi ni la kila siku, nalo huwa gumu zaidi pale njia iliyozoeleka inapomletea mama madhara.

Huduma ya kupanga uzazi ilianza nchini mwaka 1959, kilipoundwa jijini Dar es Salaam chama kilichokuja kuitwa UMATI, na mwaka 1974 serikali ikairuhusu itolewe katika kliniki za mama na mtoto. Kadiri miaka ilivyopita, sindano na vipandikizi, ambavyo wengi huviita vijiti, vilishika nafasi ya kwanza kwa sababu hutolewa kwa haraka na humlinda mama kwa miezi au miaka. Njia hizi hutumia homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu na kuuongoza mwili. Kwa baadhi ya wanawake homoni hizo huvuruga hedhi, huleta maumivu ya kichwa au kuongezeka kwa uzito, na kwa watumiaji wa sindano uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa. Wengi huacha njia hizo bila kuelezwa kwamba zipo nyingine, na hapo ndipo mimba isiyotarajiwa huingia.

Kabla ya kliniki, jamii nyingi za Tanzania zilipishanisha watoto kwa kunyonyesha muda mrefu. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, waliithibitisha hekima hiyo kwa masharti matatu: mtoto awe hajafikisha miezi 6, anyonye maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hedhi iwe haijarudi. Yakitimia yote, wanaopata mimba ni takriban 2 tu kati ya 100. Likikosekana moja, wanandoa hawana budi kutafuta njia nyingine mara moja.

Kitanzi nacho kina historia ndefu. Mwaka 1969 Howard Tatum wa Marekani na Jaime Zipper wa Chile waliunganisha kifaa cha plastiki chenye umbo la herufi T na waya wa shaba, wakiona kwamba shaba hudhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai. Kitanzi cha shaba kinachotumika leo hukaa ndani ya mji wa mimba kwa miaka 10 au zaidi, hakina homoni, na kikitolewa uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Hata hivyo, miezi ya mwanzo huweza kuongeza damu ya hedhi na maumivu, kwa hiyo mama mwenye upungufu wa damu anahitaji ushauri wa mtaalamu kwanza, na anayekiweka lazima awe amefunzwa.

Mwishoni mwa karne ya 20 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, waliirahisisha kalenda ya hedhi kwa shanga 32, ambapo mpira mdogo husogezwa ushanga mmoja kila siku: nyekundu ni siku ya kwanza ya hedhi, na nyeupe 12, yaani siku ya 8 hadi ya 19, ni siku za kuepuka tendo la ndoa au kutumia kondomu. Shanga hizo humfaa tu mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 hadi 32.

Shanga na kondomu havifanyi kazi mume asipoafiki, na kufunga uzazi kwa mwanaume ni hatua yake yeye mwenyewe. Upasuaji huo mdogo usiotumia kisu, uliobuniwa na Li Shunqiang nchini China mwaka 1974, ulianza kutolewa mkoani Kigoma miaka ya 1990, lakini nchini kote bado ni nadra mno, ingawa haupunguzi nguvu za kiume. Kwa kuwa ni wa kudumu, unawafaa waliokwisha kupata idadi ya watoto waliyoitaka.

Septemba 2018, akihutubia wilayani Meatu, Simiyu, Rais John Magufuli aliwataka wananchi waache kupanga uzazi. Hata hivyo, familia yenyewe ndiyo inayoamua idadi ya watoto wake, na uamuzi huo hauwi huru pale mama aliyeumizwa na homoni anapoachwa bila njia mbadala. Zahanati inayotaka kumhudumia vyema haina budi kuwa na mtaalamu wa kuweka kitanzi, na kumwalika mume aketi katika ushauri pamoja na mkewe, kwa kuwa njia nyingi zilizobaki zinamtegemea yeye.