Sisibo na Kufuli Isiyoonekana

Wakongwe wa Eldoret bado huuita mji wao Sisibo. Ni namba tu ya shamba, 64, iliyotoka kwenye Kiingereza cha walowezi ikapita kwenye ulimi wa Mkalenjin. Posta iliwekwa hapo mwaka 1910. Namba hiyo ikawa jina, na wenyeji hawakuomba idhini ya mtu kuigeuza.

Kunakili ni tabia ya zamani katika eneo hili. Mwaka 1950, huko Kapkatet, kusini mwa Eldoret, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Jina la wimbo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika mpaka huko. Waimbaji wakamfanya kiumbe nusu mtu, nusu paa. Waliokopa jina nao wakakopwa sauti: rekodi ilihifadhiwa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 ikapita kabla nakala yake kurudishwa kijijini. Kenya hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50. Kwa hesabu hiyo, muda ulikuwa umeshakwisha. Sheria ya kulinda sanaa za jadi ilikuja mwaka 2016.

Zikafuata kanda za kaseti, kisha za video, kisha sidii na dividii. Uwanja wa ndege wa Eldoret ulipofunguliwa mwaka 1997, ndege za mizigo kutoka Dubai zilishusha vifaa vya umeme karibu na milango ya maduka. Kama kwingineko Kenya, kunakili kukawa kazi ya mchana kweupe. Mteja alipeleka flashi, akachagua filamu kwenye orodha, akarudi baadaye kuichukua. Wengi hawakuiona kama wizi. Waliiona kama huduma, tena ya bei nzuri.

Serikali ilijibu kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika 2003 na kuzaa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Sehemu iliyoonekana mitaani ni stika: kaseti au sidii halali ibandikwe alama ya kuithibitisha. Lakini sheria hiyohiyo ilibeba jambo jingine ambalo muuza sidii hakuwa na sababu ya kulijali. Ilikataza kuvunja kufuli ya kiteknolojia inayolinda kazi ya sanaa, wazo lililotokana na mikataba iliyokubaliwa Geneva mwaka 1996. Kwa Kenya, sheria ilitangulia, kufuli ya filamu za mtandaoni ikaja nyuma. Hata waya wa intaneti wa chini ya bahari, TEAMS, haukufika Mombasa hadi 2009.

Leo kufuli hiyo imo mfukoni. Filamu inayotiririshwa hutumwa ikiwa imefumbwa kwa hesabu, na simu huomba ufunguo kutoka kwa seva. Mfumo mmojawapo, Widevine wa Google, hupanga vifaa kwa viwango: simu isiyo na sehemu salama ndani ya chipu yake hupewa picha hafifu, hata kama kioo chake ni kizuri. Mwenye simu ya bei nafuu hulaumu mtandao, kumbe ameaminiwa kidogo.

Miwani ya uhalisia pepe imeivuruga hesabu hiyo. Filamu ya kawaida ikitazamwa ndani ya miwani hufungwa kwa kufuli ileile. Ila kitu cha pande tatu, tuseme sanamu au jengo analolizunguka mtazamaji, kwa kawaida umbo lake lote huingia kwenye kifaa ili lichorwe upya kila kichwa kinapogeuka. Likishaingia kwenye kumbukumbu ya kifaa, mjuzi anaweza kulichopoa. Njia moja ni kulibakiza kwenye seva na kutuma picha yake tu, lakini mtandao ukichelewa kidogo mtazamaji anaweza kupatwa na kichefuchefu. Nyingine ni kuficha alama ndani ya umbo, ili likiibwa lijulikane lilikotoka. Alama hiyo kwa kweli ni stika ile ya kaseti iliyojifunza kujificha.

Kinachowashinda zaidi walinzi ni matangazo ya moja kwa moja. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliwapa watoa huduma za intaneti saa 48 za kazi kuzuia maudhui yaliyolalamikiwa. Mwaka huohuo, tarehe 12 Oktoba, umati ulikusanyika mbele ya skrini kubwa mjini Eldoret kumtazama mkimbiaji Eliud Kipchoge, anayefanya mazoezi Kaptagat jirani, akikimbia marathoni Vienna. Matangazo yale yalikuwa ya bure mtandaoni, kwa hiyo hapakuwa na cha kuiba. Alimaliza kwa saa 1:59:40. Ndani ya saa 48 mbio kama hizo zingerudiwa mara 24, na bado ni saa za kazi zinazohesabiwa. Siku ile ilikuwa Jumamosi.