"Unakula kama kawaida": Vidonge vya Kupunguza Uzito na Safu ya Jedwali Isiyosomwa

Katika duka moja la dawa jijini Dar es Salaam nilipanga foleni nyuma ya mama wa makamo aliyeulizia dawa ya kupunguza tumbo. Muuzaji alimtolea kopo la plastiki lenye picha ya majani mabichi na maneno "asilia asilimia mia". Mama akauliza, "Na chakula je, mwanangu?" Akajibiwa, "Unakula kama kawaida, mama. Dawa inajifanyia kazi yenyewe." Mama alipokuwa akihesabu noti, nililigeuza kopo lile. Halikuwa na orodha ya viambato, wala jina la mtengenezaji, wala namba ya usajili.

Makala haya yanajibu kauli ya muuzaji yule. Hoja yangu ni kwamba ushahidi bora tulio nao kuhusu vidonge vinavyouzwa bila cheti cha daktari, ukisomwa safu zake zote, unautetea mtindo bora wa maisha kuliko unavyokitetea kidonge.

Kuhusu ukubwa wa tatizo hakuna ubishi. Tafiti za kitaifa za afya na viashiria vya watu nchini Tanzania zinaonesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 katika utafiti wa 2015–16. Ubishi unaanzia kwenye tiba. Wapo wanaodai kwamba ushauri wa kula vizuri na kufanya mazoezi umekwisha kushindwa, kwa kuwa watu hawaufuati, na kwamba kilichobaki ni kusogeza vidonge karibu na wananchi. Dai hili linarudiwa mno bila kupimwa. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kuugua. Waliosaidiwa kubadili mlo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, mengi yakiwa ya kutembea kwa kasi, walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 31. Ushauri ulioshindwa hauwezi kuishinda dawa karibu mara mbili. Kinachoshindwa ni ushauri unaotolewa kwa dakika mbili mlangoni mwa chumba cha daktari, kisha mgonjwa akaachwa peke yake.

Sasa tuvigeukie vidonge. Nchini Marekani dawa pekee ya kupunguza uzito iliyoidhinishwa kuuzwa bila cheti ni orlistati ya miligramu 60, iliyoingia madukani mwaka 2007 kwa jina la Alli. Ulaya ilifuata mwaka 2009. Maelekezo yake yenyewe yanamtaka mtumiaji apunguze chakula na mafuta. Yaani hata mtengenezaji hakuthubutu kusema alichosema muuzaji wetu.

Ushahidi unaotajwa zaidi na watetezi wa orlistati ni utafiti wa XENDOS wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 2004. Watu 3,305 wenye unene uliokithiri walifuatiliwa kwa miaka minne. Nusu walipewa orlistati ya miligramu 120, dozi iliyo mara mbili ya ile ya dukani; nusu walipewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Matokeo yanayonukuliwa ni kwamba waliotumia dawa walipungua wastani wa kilo 10.6 katika mwaka wa kwanza, na kwamba walioupata ugonjwa wa kisukari kati yao walikuwa asilimia 6.2, dhidi ya asilimia 9.0 upande wa pili. Haya ni kweli, na sina nia ya kuyapuuza.

Lakini jedwali la matokeo hayo lina safu nyingine. Waliomeza kidonge kitupu nao walipungua kilo 6.2 katika mwaka wa kwanza. Miaka minne ilipotimia, kundi la dawa lilibakiwa na upungufu wa kilo 5.8, na kundi la kidonge kitupu kilo 3.0. Kisa ni kwamba makundi yote mawili yalipangiwa mlo wenye nishati pungufu na kuhimizwa kuongeza matembezi ya kila siku. Basi zaidi ya nusu ya kilichopatikana kilipatikana bila dawa. Mtu anaweza kupinga kwamba kushiriki utafiti kwenyewe humfanya mtu apungue. Utafiti wa Marekani niliotangulia kuutaja unalipunguza nguvu pingamizi hilo, kwani humo waliopewa kidonge kitupu na ushauri wa kawaida tu walipungua wastani wa kilo 0.1.

Tukiitazama kazi ya dawa hii mwilini, jambo linazidi kuwa wazi. Orlistati huzuia lipasi, kimeng'enya kinachosaga mafuta utumboni, na kwa dozi ya dukani takriban robo ya mafuta yaliyoliwa hutoka bila kufyonzwa. Tuchukue mlo wa siku wenye gramu 60 za mafuta. Robo yake ni gramu 15, sawa na kilokalori 135. Soda moja ya mililita 350 yenye gramu 37 za sukari ina kilokalori zipatazo 148. Anayeiacha soda hiyo amefanya kazi ya vidonge vya siku nzima, na fedha yake imebaki mfukoni. Tena orlistati haigusi ugali, wali, mkate wala sukari ya chai, vitu ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa sahani zetu nyingi. Na kwa anayekula kama kawaida chipsi mayai na sambusa, mafuta yaliyozuiwa hutoka na kinyesi, pengine kwa ghafla na bila hiari, huku ufyonzaji wa vitamini A, D, E na K ukipungua.

Hiyo ni dawa iliyopimwa. Kopo lisilo na maelezo ni jambo jingine. Sibutramini, dawa ya kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti kuonesha kuwa iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wenye maradhi ya moyo. Hata hivyo, uchambuzi wa maonyo ya mamlaka ya dawa ya Marekani ya miaka 2007 hadi 2016 uliikuta katika asilimia 85 ya virutubisho vya kupunguza uzito vilivyobainika kuchanganywa na dawa kwa siri. Neno "asilia" halimlindi mtu.

Nitaambiwa kwamba zama zimebadilika, kwamba dawa ya sindano ya semaglutaidi imewapunguzia watu karibu asilimia 15 ya uzito wao. Nakubali, na wapo wagonjwa wanaoihitaji. Ila hiyo hutolewa kwa cheti, chini ya uangalizi, na katika utafiti uliotoa matokeo hayo kila mshiriki alipewa ushauri wa mlo na mazoezi. Nitaambiwa pia kwamba maisha bora ni magumu kwa anayeamka alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu njia za waenda kwa miguu, viwanja vya mitaa na bei ya mboga ni masuala ya sera ya afya. Ugumu huo haukigeuzi kidonge kuwa mbadala.

Wauza dawa wana dhamana kubwa, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa kwanza. Nawaomba waiache kauli ya "unakula kama kawaida", kwa maana hakuna utafiti niliouchambua hapa unaoiunga mkono. Na wewe msomaji, kabla hujatoa fedha, ligeuze kopo usome. Lisilotaja kilichomo, lirudishe kaunta.